Fundi stadi, stadi zenyewe hazijui

Nati_Ya_Sita

Mnamjua. Yule wa chini ya mwembe, mwenye jeki moja na vijana wanne wa kuishikilia. Jina la nini? Leo asubuhi kaletewa Hilux, kaambiwa atie spesa nyuma, yaani pete nene za kuitoa tairi nje, za milimita 20, pamoja na stadi ndefu, zile chuma za hesi zinazoshikwa na nati za tairi. Stadi ndefu kaambiwa mara mbili, ya pili kwa kupaziwa sauti. Kazichukua spesa, nene kama mikate ya mofa, kazivika juu ya stadi zile zile za zamani, karudisha rimu, na nati ikashika duru tatu. Tatu! Kuulizwa, kajibu huku anajipangusa mikono:

"Kwani unakwenda nayo mwezini?"

Wallahi ingekuwa mwezini ingekuwa afadhali. Kule gunia la saruji la kilo 50 linalemea kama kilo 8 tu, pengine duru tatu zingetosha. Hii ni ya kwenda Makunduchi na gunia 30!

Stadi ya Hilux ni milimita 12, hesi yake 1.5. Yaani duru moja milimita moja na nusu, tatu ni nne na nusu. Nati inatakiwa ishike kwa uchache sawa na unene wa stadi: milimita 12, duru nane. Spesa ikila 20, stadi iongezwe 20. Hata mtoto wa chuoni anaifanya kwa vidole.

Na tundu la katikati je? Hab ya Hilux, yaani kile kitovu kinachobeba tairi, ni milimita 106. Spesa yake, ya "inaingia gari zote", imekaa pale kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Akapiga bunduki ya hewa, trrrr, akaipa tairi teke la kuagana. Mwezini!

Mtaimbo

Hukumaliza. Nati alizotia ni zipi? Rimu za aluminiamu za kiwandani za Toyota zinataka nati zenye shingo na washa bapa, ile pete ya chuma. Za rimu ya chuma ni za koni. Huyo bwana anazo ndoo moja, zote zimechanganyika na misumari. Koni ukiitia kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu. Leo utaiona imekaza, kesho kutwa ukingo umelika na nati inazunguka kwa kidole.

Nati_Ya_Sita

Za koni! Nilitaka kusahau, umenitonesha.

KaaWaMkoko

Uzi huu una duru nyingi kuliko nati yako.

Suali langu: spesa za nini kwenye gari ya saruji? Mnaitanua miguu kama kaa. Ukiitoa tairi nje milimita 20, mzigo unaning'inia mbali na beringi, na beringi haikuchongewa hivyo. Ukizitia mbele ni balaa zaidi: usukani unavuta kwenye kila shimo, na ukikata kona kali tairi inalamba madigadi. Mwenye mwembe ana makosa, lakini wewe ndiye uliyebeba mofa ukampelekea.

Nati_Ya_Sita

Hoja si mofa. Hoja ni mwezini.

Pikapu_ya_Mwani

Mimi nasema mshukuru hakuzigusa hizo stadi. Angezitoa kwa nyundo ya kilo mbili juu ya hab, na beringi ndiyo ingekula kila pigo.

Kazi yake ni hivi. Gari juu ya vigingi, si juu ya jeki. Nyuma toa ngoma ya breki, mbele toa kalipa na diski. Gari nyingine hab itoke yote, maana stadi haina pa kupitia. Stadi ya zamani itoke kwa presi. Mpya usiinunue kwa urefu tu: ile shingo yenye meno ipimwe unene kwa kipimo cha vernia. Ikiwa nyembamba, stadi itazunguka ndani ya tundu na nati haitoki wala haikazi. Ikiwa nene, unaipasua hab. Itie kwa nyuma, mbele panga washa nne zilizopakwa grisi, ivute kwa nati mbovu na spana ya mkono mpaka kichwa kikae sawasawa. Bunduki weka mbali. Ile nati itupe, imeshavutwa.

Kisha piga brashi ya waya uso wa hab. Gari zetu zinashusha mwani unaochuruzika maji ya chumvi, kutu inajaa pale. Ukibana spesa juu ya kutu, kutu ikisagika mkazo umekwenda. Na kinachoishika tairi ni mkazo: rimu imebanwa kwenye hab haichezi. Ikianza kucheza, stadi inakunjwa kila mzunguko kama waya, inakatika. Moja ikikatika, tano zinagawana kazi ya sita.

Mtaimbo

Na ukaze kwa kuvukisha, moja kisha ya upande wa pili, kwa awamu: 40, 80, mwisho 110 Nyutoni-mita, hesi kavu bila mafuta. Nenda Nungwi urudi, kaza tena. Yule spana yake ya torki ni bomba la maji la futi tatu.

ChakeKwaChake

Nyie wa Unguja mnalilia duru tatu? Huku kwetu Pemba kuna mmoja anauza spesa zenye stadi zake mwenyewe. Za milimita 25, stadi za gari zikatokeza nje na kugonga mgongo wa rimu. Kafanyaje? Kachukua grenda, kazikata. Siku ukizitoa spesa, huna pa kufungia tairi.

Nati_Ya_Sita

Sawa, lakini alikwambia unakwenda nayo mwezini?

ChakeKwaChake

Hakusema kitu. Ana adabu.

Navara_Nyeupe

Afadhali nyie wa Toyota, vitu mnavipata. Nissan Navara yangu hesi ni 1.25, matundu sita kwenye duara ya milimita 114.3. Muuza spea anakupa nati ya Toyota na anaapa ndiyo yenyewe. Ukiilazimisha inakula hesi yote, unabaki na stadi kipara.

KaaWaMkoko

Wauza spea msiwaguse leo, hatutalala. Kuna mwengine anauza pedi za breki zimefungwa kwa gazeti.

Pikapu_ya_Mwani

Na wenye taa nyeupe za kuchoma macho barabara ya Paje usiku? Hao hamuwasemi?

Nati_Ya_Sita

Jamani. Mwezini.

Navara_Nyeupe

Taa hizo ni janga, kweli. Halafu kuna waazima jeki. Jeki ya mtu ya tani tatu imechukuliwa "nusu saa tu" toka mfungo mosi.

Mtaimbo

Rangi gani?

Navara_Nyeupe

Nyekundu. Inavuja mafuta kidogo, mkono wake umefungwa raba ya baskeli.

Mtaimbo

Iko chini ya mwembe.