Tangi la matumbawe lita 200, Dar: maji ya bahari au chumvi ya kuchanganya?

Changu_Dar
Habari wakuu. Tangi ni la kioo, sentimita 90 × 45 × 50, kama lita 200. Kwa sasa ni matumbawe laini, baadaye magumu. Maji yatabadilishwa asilimia 10 kila wiki. Naomba ulinganisho: kuchota baharini, au kununua chumvi ya akwariamu na kuichanganya na maji ya RO (yaliyosukumwa kwenye utando wa kuchuja hadi kubaki karibu matupu)? Wapo pia wanaosema chumvi ya mawe ya dukani inatosha.

Mwambani
Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linaloua. Chumvi ya mawe haifai, iwe ya Bagamoyo au ya Gongoni kule juu ya Malindi. Maji yanapokauka kwenye mabwawa ya chumvi, chokaa na jasi hutangulia kutuama, kisha hufuata chumvi ya kula, na magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Kinachoingia kwenye gunia ni sodiamu kloraidi karibu tupu. Rifraktomita, ile ya kupimia kiwango cha chumvi, itakusomea 35 (gramu za chumvi kwa kilo ya maji) vizuri kabisa, lakini kalsiamu itakuwa kidogo mno badala ya miligramu 410 kwa lita, na magnesiamu vilevile badala ya kama 1,280. Tumbawe gumu halijengi mifupa kwa maji hayo.

Kati ya njia mbili zilizobaki, kwa mtu wa Dar mimi nasema bahari, ila swali ni uchote wapi na lini. Usichote Coco Beach, usichote karibu na mlango wa mto Msimbazi wala bandarini. Nenda kusini, upande wa Kimbiji. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo maji ya kusini hayajapita mjini bado. Yaliyo kaskazini yameshapita.

Vyombo viwe madumu ya plastiki ya lita 20 ambayo hayajawahi kubeba mafuta wala sabuni. Pampu isiwe na sehemu ya shaba inayogusa maji, na koki za shaba nyeupe nazo ziache: shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe huku samaki wakionekana wazima. Chuja kwa soksi ya mikroni 5 kabla ya kuhifadhi.

Tasi
Naongezea la maji kujaa na kupwa. Chota bahari ikikaribia kujaa kabisa, dakika 30 hivi kabla ya maji kusimama. Yanayoingia wakati huo yanatoka nje ya mwamba. Yakianza kupwa unachota kilichotoka kwenye mikoko na makaro.

Siku nzuri ni za bamvua, za mwezi mpya na mwezi mpevu. Bahari hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa hiyo safari ya jioni inawezekana bila shida.

Mwambani
Hapo kwenye bamvua sikubaliani nawe moja kwa moja. Bamvua huingiza maji mengi ya nje, kweli, lakini tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi na mkondo unavuruga mchanga. Ukichotea ufukweni, soksi ya mikroni 5 inaziba kabla hujamaliza dumu la tatu. Kama una mashua, bamvua ni sawa. Kama unasimama majini na ndoo, subiri siku mbili tatu baada ya bamvua.

Tasi
Kwa mtu wa ndoo, nakubali.

Lita_Moja
Mimi ni upande wa chumvi ya pakiti, na hesabu yake ni hii. Asilimia 10 ya lita 200 ni lita 20 kwa wiki. Kufikia 35 unahitaji takriban gramu 37 kwa lita, yaani gramu 740 kwa wiki. Gunia la kilo 20 linakwenda wiki 27.

Sasa watu hujumlisha bei ya mashine ya RO kwenye gharama ya chumvi, na hapo ndipo ulinganisho unapopotoka. Mashine utainunua hata ukichota baharini. Tangi la ukubwa huo kwa joto la Dar, feni ikipuliza juu ya maji, linapoteza kama lita 5 kwa siku. Kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukijazia kwa maji ya bahari, kiwango cha chumvi kinapanda kila siku hadi matumbawe yafunge. Kujazia ni kwa maji ya RO tu, lita 35 kwa wiki. Ukichanganya chumvi pia, zinakuwa 55. Tofauti ya njia mbili ni lita 20 za RO na gramu 740 za chumvi kwa upande mmoja, na safari ya Kimbiji kwa upande wa pili. Piga hesabu ya mafuta ya gari halafu uamue.

Kuhusu mashine yenyewe: membreni, yaani ule utando wa kuchuja, inataka presha ya psi 60 hivi. Simtanki lililo mita 6 juu linakupa psi 8 au 9 tu, kwa hiyo nunua na pampu ya kuongeza presha. Bila hiyo maji yatadondoka tone kwa tone na mita ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) haitashuka vizuri. Baada ya membreni weka rezini, chembechembe za kunasa chumvi iliyosalia. TDS ikitoka kwenye 0 ikasoma 2 au 3, badilisha. Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi na vinamaliza rezini upesi; ukiweza, lisha mashine maji ya bomba. Kwa kila lita 1 safi, kama lita 3 hutoka za kutupwa. Zikusanye kwenye pipa, zinafaa kudekia na chooni.

Kuchanganya: maji kwanza, chumvi baadaye, kidogo kidogo, pampu ikizungusha. Ukimwaga maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu na kaboneti zinakutana zikiwa nzito mno, zinaganda kuwa chokaa, na ule weupe hauyeyuki tena. Zungusha saa 24, pima, ndipo utumie. Rifraktomita uisahihishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Ukiisahihisha kwa maji matupu inaweza kukosea huku juu.

Adui mkubwa wa chumvi ya pakiti pwani ni unyevu. Gunia likiachwa wazi linashika mabonge, na chumvi iliyoganda hivyo huchanganyika ikiwa na ukungu na alkalini (kaboneti na bikaboneti za majini) pungufu. Siku unayoifungua, ihamishie kwenye ndoo yenye mfuniko wa mpira.

Changu_Dar
Shukrani sana. Maji ya bahari yanatiwa jiki au hayatiwi?

Mwambani
Ukichota mbali na ukayatumia ndani ya siku moja, unaweza kuacha. Ukitaka kuyahifadhi, au umechotea ufukweni, tia. Viumbe wadogo waliomo hufa ndani ya dumu lililofungwa, wanaoza, na amonia inapanda.

Kwa lita 100: mililita 30 za jiki isiyo na harufu wala rangi, yenye hipokloraiti asilimia 3.5. Hiyo ni kama miligramu 10 za klorini kwa lita. Acha saa 24, pampu ya hewa ikifanya kazi. Kisha sodiamu thayosulfeti, ile ya fuwele. Gramu 7 zinatosha hata kama klorini yote bado imo. Pima kwa matone ya klorini ya mabwawa ya kuogelea. Usitegemee pua: klorini ndani ya maji ya bahari hugeuza bromidi kuwa bromini, na harufu yake si ile uliyoizoea. Kipimo kikisoma sifuri, puliza hewa siku moja zaidi.

Dawa hiyo haiondoi fosfeti wala mafuta. Maji machafu yaliyotiwa jiki yanabaki maji machafu.

Kibua_Nairobi
Kwa sisi wa bara jibu ni jepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 na Mombasa iko mbali. Chumvi.

Pweza_wa_Mawe
Jambo lililoguswa juujuu tu ni alkalini. Maji ya bahari yana dKH (kipimo cha alkalini) 7 hivi. Chumvi za pakiti huanzia 8 hadi 12 kutegemea aina, kwa hiyo angalia lebo. Matumbawe magumu kwenye tangi lenye naitreti karibu sifuri yanaungua ncha alkalini ikipita 10, na hapo bahari inashinda. Lakini tangi likijaa matumbawe magumu hakuna njia itakayotosha yenyewe. Likila dKH 1 kwa siku, lita 200 zinadai gramu 6 za bikaboneti ya sodiamu kila siku, iyeyushwe kwenye maji ya RO na kudondoshwa taratibu mahali penye mkondo. Iwe bikaboneti halisi. Hamira ya unga (baking powder) ina vitu vingine, na magadi ya mawe yana takataka. Kalsiamu nayo iongezwe kwa uwiano wake, saa nyingine, zisikutane.

Changu, ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, alkalini ya tangi isisogee zaidi ya dKH 1 kwa siku. Kwa mabadiliko ya asilimia 10 hutafika huko. Hatari ni kwa anayebadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo.

Tasi
Na masika msiisahau. Machi hadi Mei mito inamwaga tope, na maji ya Rufiji yanaweza kupanda kaskazini hadi huku, hata Kimbiji haiko salama. Ukipima ufukweni ukasoma 33 au chini, rudi na madumu matupu.

Lita_Moja
Ndiyo maana hata mtu wa bahari aweke ndani kilo 10 za chumvi kuanzia Februari. Wiki 13 kwa gramu 740 ni kilo 9.6.

Changu_Dar
Basi nimeamua: bahari kuanzia Juni, chumvi masika. RO na pampu ya presha zinaanza kununuliwa kwanza.

Pweza_wa_Mawe
Na jiwe la matumbawe la kuanzia tangi usiling'oe baharini. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari kuchukua ni kosa. Nunua jiwe kavu, lilowekwe kwenye maji ya RO wiki mbili, upime fosfeti kabla halijaingia kwenye tangi.