Jeraha la ini ajali ya bodaboda: kumfungua tumbo hapa wilayani au kumpa rufaa?

Tabibu_Wilayani

Habarini wadau. Naomba tujadili jeraha la ini kwa hospitali ya wilaya yenye ultrasaundi, chumba cha upasuaji na mtu wa usingizi, ila CT skani iko mkoani, mwendo wa saa tatu kwa gari.

Chukulieni mgonjwa wa kawaida kabisa kwetu: kijana kapigwa na usukani wa pikipiki chini ya mbavu za kulia, amefika saa moja na nusu baada ya ajali. Presha 86/50, mapigo 128, tumbo linauma na limeanza kujaa. Ultrasaundi inaonyesha maji kati ya ini na figo ya kulia. Akipewa lita moja ya Ringa (maji ya dripu) presha inapanda hadi 104, dakika kumi na tano baadaye iko 84 tena. Damu ya kundi lake benki zipo chupa mbili tu.

Afunguliwe hapa au asafirishwe? Na akifunguliwa, daktari asiye bingwa afanye nini na aishie wapi?

Mpasuaji_Kanda

Huyo hasafiri. Presha inayopanda kwa maji kisha ikaanguka inakwambia bado anavuja, na ndani ya gari hakuna atakayelibana hilo ini. CT skani ni ya mgonjwa aliyetulia. Tusihangaike na daraja la jeraha, la I hadi la V, tukasahau mgonjwa mwenyewe: mwenye jeraha la daraja la IV na presha 120/70 isiyoyumba anaweza kulazwa na kuangaliwa bila kisu, na mwenye ufa mdogo ambaye presha haikai akahitaji kufunguliwa.

Sindano ya mgongo asichomwe kabisa. Apewe usingizi wa ketamini kwa dozi iliyopunguzwa, tena akiwa ameshapakwa dawa na kufunikwa, mpasuaji kisu mkononi. Misuli ya tumbo ikilegea, mgandamizo uliokuwa unaizuia damu unaondoka na presha inadondoka papo hapo.

Chale ni ya katikati, ndefu, kuanzia chini ya kidari. Zoa mabonge ya damu kwa mikono, jaza vitambaa vikubwa vya tumbo pembe zote nne, kisha lishike ini kwa viganja viwili na kuuziba ufa kwa kulirudishia umbo lake. Bana dakika 10 hadi 15 bila kuachia, mtu wa usingizi aingize damu. Wengi wanaharibu hapa: kila dakika wanaachia wachungulie, na kila wakichungulia bonge jipya linang'oka.

Isipotulia, pitisha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye tundu la Winslow, nyuma ya kano inayobeba ateri ya ini, veni ya poto (inayoleta damu ya utumbo kwenye ini) na mrija wa nyongo, ubane kwa dole gumba kwa mbele. Ndiyo njia aliyoieleza Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Badilisha vidole kwa klempu (kibanio) laini au mpira wa katheta uliokazwa, muuguzi aandike saa. Lenga kuachia kabla ya dakika 30. Damu ikipungua, ilikuwa ya ateri au ya poto. Ikiendelea kububujika nyeusi kutoka nyuma ya ini, imetoka kwenye veni za ini au venakava, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Usiligeuze ini kwenda kuangalia na usikate kano zake za kulia, kwa sababu ndizo zinazokushikilia hiyo damu. Lirudishe mahali pake uweke vitambaa.

Vitambaa vikunjwe bapa, vingine kati ya ini na diaframu, vingine chini ya ini, ini libanwe juu na chini. Usikitie hata kimoja ndani ya ufa, utaupanua. Presha ikishuka ghafla baada ya kuweka wakati damu imeacha kutoka, umekaza mno na venakava imebanwa: toa kimoja. Usishone ini kwa nyuzi za kina ili kulifunga kwa nguvu; nyama iliyonyongwa inakufa, inaleta jipu, na mshipa wa ndani unaendelea kuvuja usiuone.

Unaishia hapo. Usifunge ukuta wa tumbo wote. Shona ngozi peke yake, au pasua mfuko safi uliotakaswa wa dripu uushone kwenye kingo za ngozi. Rufaa inakuja sasa. Vitambaa hutolewa mara nyingi baada ya saa 48 hadi 72: ukiwahi, damu inarudi, ukichelewa, usaha.

Tabibu_Wilayani

Asante sana daktari. Na hizo chupa mbili tunazitumiaje?

Usingizi_na_Damu

Anza na kanula mbili kubwa, G14 au G16, kwenye mikono. Mguuni hapana: venakava ikiwa imechanika, unachoingiza kinamwagikia tumboni. Sampuli ya kundi ichukuliwe kabla ya dripu.

Lita ile ya Ringa isirudiwe. Kabla damu haijadhibitiwa presha ya juu (namba ya kwanza) ikiwa 80 hadi 90 inatosha. Ukiipandisha unasukuma mabonge na kuizimua damu. Ila kama kichwa nacho kimeumia, na kwa bodaboda wasiovaa kofia ni jambo la kila siku, isishuke chini ya 110.

Anzeni chupa zote mbili, huku ndugu wakiitwa kuchangia na damu yao ikipimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende. Damu nzima ni nzuri kwa huyu, ina na vitu vya kugandisha. Mwanaume anaweza kuanza na O chanya wakati wa kusubiri. Mwanamke wa umri wa kuzaa atafutiwe O hasi. Damu ya tumboni inaweza kuchujwa na kurudishwa kama mnavyofanya mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, lakini mkiona nyongo au kinyesi iacheni.

Asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 ndani ya dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Ianze ndani ya saa 3 tangu ajali, zikishapita, usiianze. Baada ya chupa ya pili, kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 10 polepole, kwenye laini tofauti na damu. Feni na kiyoyozi vizimwe, nguo zilizolowa zitoke, damu ipashwe joto. Baridi inaharibu ugandaji kuliko watu wanavyodhani.

Hakuna mashine ya kupima ugandaji? Weka mililita 2 za damu kwenye tyubu kavu ya kioo (ya plastiki inadanganya), usiitikise, iinamishe dakika ya 20. Ikitiririka, hagandi.

Muuguzi_Dharura

Naongezea kwa yule aliyetulia, maana ndio wengi. Ultrasaundi isiyoonyesha maji haimtoi hatarini. Irudieni baada ya nusu saa. HB (kiwango cha wekundu wa damu) ya kwanza nayo inaweza kuwa 13 mtu akiwa anavuja, ipimwe kila saa 6 siku ya kwanza. Mapigo na presha kila dakika 15 saa mbili za mwanzo. Mapigo yakipanda, HB ikishuka au tumbo likakaza lote, mpasuaji aamshwe.

Diklofenaki ya maumivu asipewe. Ndugu waambieni waziwazi: tumbo lisikandwe. Akiruhusiwa, mizigo, mpira na pikipiki vingoje, kwa jeraha kubwa hata miezi mitatu. Akirudi na maumivu, macho ya manjano na choo cheusi, damu inamwagikia njia ya nyongo. Hiyo ni rufaa ya siku hiyohiyo.

Mpasuaji_Kanda

Hapo kwenye rufaa, pigeni simu kabla gari halijatoka, aende na muuguzi na damu ikiwa inaning'inia. Barua iwe fupi: saa ya ajali, saa ya kufunguliwa, dakika za klempu, chupa za damu, saa ya traneksamiki. Na mstari wa vitambaa uandikwe kwa herufi kubwa: VITAMBAA 7 NDANI, 4 JUU YA INI, 3 CHINI.