Naomba ushauri: tupime uchumi wetu kwa kipimo gani?

Wakuu, habari za leo. Niko Uyole, Mbeya, ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi. Kila tukikutana linazuka swali lilelile: redio inasema uchumi umekua, mbona gunia la mbolea linatutoa jasho? Mimi ndiye ninayetakiwa kujibu.

Nimejisomea kidogo. Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Viazi tunavyokula wenyewe hukadiriwa na kuingizwa humo, lakini kazi ya mama anayepika na kulea wajukuu nyumbani haihesabiwi kabisa. Hili limeniuma, maana bila yeye hakuna anayefika shambani. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu za kwanza za pato la Marekani, alionya mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hausomeki kwenye pato peke yake. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa una kipimo kinachojumlisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Halafu Julai 2020 Benki ya Dunia ilituweka kipato cha kati, kwa wastani wa kila kichwa. Wastani hauonyeshi nani kabaki nyuma.

Sasa ndugu zangu mliosoma uchumi: kwa kikundi cha kaya thelathini, nianze kuandika nini kila msimu? Nimefikiria magunia ya viazi yanayotosha kununua mfuko mmoja wa mbolea, na watoto waliobaki shuleni. Madeni niyaweke pia, au watu wataficha?