Naomba ushauri: masizi kwenye anodi ya seli ya fueli ya oksidi mango

Ndugu wanachama, salamu kutoka Kigoma. Ninaendesha seli ndogo ya fueli ya oksidi mango (kifaa cha kauri kinachogeuza gesi kuwa umeme bila kuiwasha moto), yenye anodi, yaani upande unaopokea gesi, ya nikeli na zirkonia (aina ya kauri), kwa biogesi itokanayo na mabaki ya michikichi, ambayo huku kwetu hayakosekani. Kwa hidrojeni seli hufanya kazi vizuri katika nyuzi 750 za Selsiasi; lakini nikiingiza biogesi, volteji hushuka taratibu, na nikiifungua seli naikuta anodi imejaa masizi, kwa kuwa nikeli yenyewe huchochea methani, gesi kuu ya biogesi, ivunjike kuwa kaboni na hidrojeni. Salfa iliyomo kwenye biogesi naiondoa kwa kuipitisha gesi kwenye chuma chenye kutu, hivyo sidhani kuwa ndiyo chanzo. Nimeongeza mvuke hadi molekuli mbili za maji kwa kila moja ya methani. Masizi yamepungua, ila volteji nayo imepungua.

Je, kwa kuwa biogesi tayari ina kaboni dioksidi, naweza kupunguza mvuke bila masizi kurejea, au ni heri niipake anodi tabaka la seria (oksidi ya seriamu)? Na masizi yaliyokwisha kushika, yaweza kuondolewa kwa mvuke pekee, pasipo nikeli kuoksidika, kuvimba na kuipasua seli?