Naomba ushauri: bondia bora bila kujali uzito anapimwaje?

Wakuu, hapa kijiweni Majengo, Moshi, kahawa inapoa kwa ubishi. Mimi namba moja nampa Terence Crawford: alianza kuwa bingwa kwenye kilo 61, halafu Septemba 2025 akampiga Canelo Álvarez wa Meksiko kwenye kilo 76. Fundi cherehani wetu hataki kusikia. Kwake ni Oleksandr Usyk wa Ukraine, aliyekusanya mikanda yote ya uzito wa kruza (ulio chini ya uzito wa juu) mwaka 2018, akapanda uzito wa juu, akampiga Tyson Fury aliyemzidi mwili mwaka 2024. Naoya Inoue wa Japani tumemweka wa tatu, maskini hana mtetezi.

Sasa nyie mnatazama nini kwanza: kupanda uzito, au ubora wa waliopigwa? Na aliyestaafu, kama Crawford, anahesabiwa? Nimeshaweka dau la kreti ya soda, nisaidieni.