Naomba ushauri: video za mazishi zinakwama kwenye Linux Mint

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kondele, Kisumu, na natumia laptopu ya mtumba, Intel i5 ya kizazi cha 4, RAM giga 4, mfumo endeshi wa Linux Mint. Mwezi uliopita tulimzika nyanya kule Ugenya na binamu yangu akarekodi kila kitu kwa simu. Mama anaugua mguu, hakuweza kusafiri. Nilimwahidi ataona yote, kuanzia mkesha hadi kaburini.

Sasa picha inakwamakwama huku sauti ikitangulia. Nilianza na Celluloid, programu ya kuchezea video iliyokuja na Mint, kisha nikaweka nyingine, VLC. Hali ni ileile, ilhali video za zamani zinacheza vizuri kabisa. Nilipoangalia taarifa za faili nikakuta ni H.265 (mbinu mpya ya kubana video), tena 4K, yaani picha kubwa sana. Chipu ya picha ya umri huu haifungui H.265, kwa hivyo mzigo wote unaangukia prosesa.

Je, mpv, programu nyingine ya kuchezea video, peke yake itasaidia, ama nitumie ffmpeg, programu ya kugeuza video, ziwe H.264 (mbinu ya zamani) za 1080p, yaani picha ndogo zaidi? Naelekea huko kwenye kugeuza, ila ni video za saa 3 na nusu na stima huku hupotea ovyo. Ikikatika katikati nitaanza upya? Sauti nataka inakiliwe bila kuguswa, maana nyimbo za akina mama usiku ule ndizo Mama anazozingoja. Aliyewahi kufanya hivi tafadhali anipe amri kamili.