Naomba ushauri: uani palikuwa na parvo, mtoto wa mbwa anakuja

Wakuu, mtoto wa mbwa wa wiki 8 anahamia nyumba ambayo mbwa mwingine aliugua parvo (ugonjwa hatari wa mbwa unaoletwa na kirusi) mwezi uliopita. Ndani pameshughulikiwa: sakafu inaoshwa kwa sabuni kwanza, kisha jiki kipimo 1 kwa maji 30, inaachwa na unyevu dakika 10. Nyaya zimepandishwa, sumu ya panya imeondolewa.

Kinachonisumbua ni uani, pote udongo mtupu. Jiki huisha nguvu ikikutana na udongo, na kirusi hiki hudumu ardhini miezi mingi, hasa kivulini. Je, nimwage zege, niondoe udongo wa juu, au abaki ndani hadi amalize chanjo, wiki ya 16? Blanketi la zamani natupa. Bakuli la bati, jiki inatosha?